Unapita kwa haki au kwa hisani? Maneno niliyosema barazani kuhusu njia za mashambani

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Bwana chifu ahsante kwa kunikaribisha, wazee wa kijiji shikamooni, na mama zangu mlioacha kazi zenu mkaja kukaa hapa na jua hili, ahsanteni sana. Nimeambiwa nina saa moja lakini watu wa Kilifi nawajua, maswali yataanza hata sijafika katikati, kwa hivyo mwenye swali anyooshe mkono tu tusingojane.

Nimekuja kuongea habari ya njia. Si ile rodi ya lami, ile ina wenyewe. Naongea ile njia ya kukata shamba la mwenzio ndo ufike kwako, ile ya kando ya minazi, inapita nyuma ya jiko la mtu, inazunguka kisima halafu inatokea kwenu, na kila mtu anaijua isipokuwa karatasi. Ukienda pale ofisi ya ardhi ukaangalia mapu haipo, ukiangalia taito haipo, lakini bibi yako aliolewa akaletwa kwa njia hiyo hiyo.

Sasa skizeni, maana hili ndo lililonileta, mengine yote ni matawi yake. Kama unapita shamba la mtu kwa vile yeye ni mtu mzuri, wewe huna njia, una jirani mzuri. Na jirani mzuri hufa, au huuza, au huhamia Mombasa akamwachia shamba kijana wake ambaye hakujui wala hataki kukujua. Siku hiyo ndo mnakuja ofisini kwangu mkilia, na mi naanza kuuliza karatasi iko wapi, na karatasi hakuna.

Niwape kesi moja, majina naweka mfukoni. Ndugu wawili wamerithi shamba la baba yao, sehemu ya mbele inagusa rodi, ya nyuma haigusi kitu. Mkubwa akachukua mbele, mdogo nyuma, na mdogo akawa anapita kwa kakake kama kawaida, nani atamuuliza? Saveya alipokuja kukata akauliza waziwazi, jamani njia tunaiacha upande gani? Wakacheka. Ati sisi tumenyonya ziwa moja tutafungiana njia kweli? Na ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa anapiga hesabu kichwani, mita 6 kutoka rodini mpaka nyuma ni ploti nzima imekwenda hivi hivi. Mutesheni, ile karatasi ya saveya ya kugawa shamba, ikaandikwa bila njia, ikapita, msiniulize ilipitaje maana haikufaa kupita. Halafu kaka akabanwa na karo akauza ile sehemu ya mbele. Mnunuzi si mtu wa huku, akafanya sachi kama anavyotakiwa, yaani akaangalia rejista ya ardhi, na sehemu ya mizigo, pale panapoandikwa haki za wengine juu ya shamba, tupu kabisa, akalipa pesa zake, akainua ukuta wa mawe pande zote nne na geti likaangalia rodi.

Yule mdogo mtu sasa anaishi vipi? Mawe ya kujengea yanashushwa rodini, halafu yanabebwa kichwani moja moja kupitia shamba la mtu wa tatu, shilingi tano kila jiwe, na huyo wa tatu naye ameanza kununa. Choo kikijaa gari la kunyonya halifiki, mpira hautoshi. Mkewe alishikwa na uchungu usiku ikabidi abebwe kwenye kitanda cha kamba mpaka rodini ndo apakiwe tuktuk. Ardhi yake ni ile ile, eka zile zile, lakini akitaka kuuza leo hakuna wa kuinunua hata nusu bei.

Nasikia mnaguna, mnamlaani mnunuzi. Mi simlaani, si haraka hivyo. Yeye aliuliza rejista na rejista ikamjibu hakuna mzigo. Tunapenda sana kumlaumu mgeni lakini shamba lilikatwa na wenyewe, mezani, huku wakicheka.

Haya, sheria yasemaje. Kenya haki ya kupita kwa mwenzio, mawakili wanaita izimenti, inaweza kupatikana kwa milango kadhaa na mlango wa kwanza ndo rahisi kuliko yote ila watu hawautaki, mwaandikiana. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 98, inakubali mwenye shamba ampe mwenzake haki hiyo kwa maandishi, waeleze ni haki ya nini, ya muda gani, ina masharti gani, shamba gani linabeba mzigo na shamba gani linafaidika, na mchoro uwekwe unaoonyesha hasa inapita wapi. Ikisajiliwa, inaingia kwenye rejista ya anayebeba mzigo na anayefaidika, zote mbili. Na hapo utamu wake, haki haimfuati mtu, inafuata ardhi. Uza, kufa, gombana, njia ipo pale pale.

Nimeleta mfano, nawasomea pole pole: "Mimi mwenye shamba namba fulani nampa mwenye shamba namba fulani, pamoja na warithi wake na yeyote atakayenunua kwake, haki ya kupita kwa miguu, kwa pikipiki na kwa gari, mchana na usiku, kwenye ukanda wa mita 6 unaofuata mpaka wa kaskazini kutoka rodini hadi kwake, bila kikomo cha muda. Kuitengeneza njia ni juu yake. Nami sitajenga wala kupanda mti wa kudumu kwenye ukanda huo."

Mnaona ni maneno machache lakini kila moja limetoka kwenye ugomvi. Kwa gari, manake ukiandika kupita tu kesho utaambiwa ulipewa njia ya miguu, lori la mchanga limetoka wapi? Mchana na usiku, manake kuna bwana alikuwa anafunga geti saa kumi na mbili jioni ati usalama, na jirani yake ni mgema, kazi yake yaanza alfajiri watu wamelala. Mti wa kudumu, manake huku kwetu mtu akitaka kukuondoa hapigi kelele, anapanda mnazi katikati ya njia na kungoja.

Na kwa vile nimetaja minazi. Nyinyi mnajua mila yetu ya pwani, ardhi yaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule. Mwenye minazi lazima aingie kuangua, hakuna aliyewahi kumzuia. Sasa ardhi ikiuzwa kwa mtu wa bara ambaye kwao mti ni wa mwenye shamba, hebu niambieni atamwelewa huyo anayeingia na panga na gunia asubuhi? Kama mna mpango wa namna hiyo, uandikeni nao, haki ya kuingia na haki ya kuangua, zote mbili.

Mlango wa pili ni wa njia za zamani. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo kinazitaja haki ambazo zinaibana ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista, na mojawapo ni haki za njia na za maji zilizokuwepo wakati ardhi inasajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo ile njia ya bibi yako haikufa kwa sababu saveya hakuichora. Lakini kuwa na haki ni jambo moja na kuithibitisha ni lingine, utahitaji wazee waliokuwa wakiipita, picha za zamani, chochote, na wazee mnajua wenyewe kila mwaka wanapungua.

Wa tatu ni wa muda mrefu. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Muda wa Kushtaki, ukitumia njia kwa amani, hadharani, kama mtu mwenye haki yake, bila kukatizwa, kwa miaka 20, inakuwa haki kamili. Msichanganye na ile miaka 12 ya kukalia shamba la mtu mpaka likawa lako zima, hiyo ni habari nyingine.

Naam mzee, swali? ... Mzee anasema yeye anapita kwa jirani yake tangu kifungua mimba wake hajazaliwa, na huyo sasa ana watoto wanaenda shule, na kila Idi kwa shukrani humpelekea jirani kuku. Anauliza si miaka 20 imepita zamani?

Imepita mzee wangu lakini huyo kuku ana matata. Sheria ya Kiingereza ambayo tumeirithi inataka mambo matatu, upite bila kutumia nguvu, bila kujificha, na bila ruhusa. Ndiyo, bila ruhusa! Ukiomba ukapewa, wewe ni mgeni wake, hata miaka 50 ni mgeni. Wakili wa upande wa pili atamleta huyo kuku mbele ya jaji aseme mheshimiwa, huyu alikuwa analipa fadhila, alijua fika njia si yake. Msicheke, ndivyo ilivyo. Mimi mwenyewe naona ni jambo la ajabu sheria imzawadie anayepita bila hata hodi na imwadhibu mwenye adabu, na kwa watu kama sisi ambao kupita kwa mtu kimya kimya ni utovu wa adabu, mlango huu wa tatu ni mwembamba kuliko unavyosomeka kitabuni. Simwambii mtu aache kupiga hodi. Nasema usitegemee miaka, tegemea maandishi.

Na tena kuna kamtego ka saa. Hiyo miaka 20 inatakiwa iwe imeishia ndani ya miaka miwili kabla ya kesi kufunguliwa. Yaani njia ikifungwa leo na wewe ukakaa ukangoja labda jirani atalainika, ukangoja mpaka mwaka wa tatu, umejimaliza mwenyewe. Na kuna watu hapa nawaona wamefungiwa tangu kabla ya uchaguzi.

Mlango wa nne ndo wa yule mdogo mtu wa mawe. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 140, mwenye ardhi iliyozingirwa, ambayo haina njia ya maana ya kufikia, anaweza kuiomba korti impe amri ya njia. Kesi inakwenda Korti ya Mazingira na Ardhi. Majirani wote wanaopakana naye wapewe notisi, si yule unayemchukia peke yake, manake jaji anaweza kuona njia nzuri ni ya upande mwingine kabisa. Na jaji haangalii machozi tu. Anauliza ulipochukua ardhi hii njia ilikuwaje, ilizingirwa vipi mpaka ikawa hivi, nyinyi wawili mmejaribu kuzungumza au mmerushiana matusi tu, na shida yako ya kukosa njia ukiipima na shida ya mwenzako kupitiwa, ipi nzito? Kwa hivyo ile barua ya kistaarabu uliyomwandikia jirani kabla ya kesi, iweke nakala. Na ile meseji uliyomtumia saa sita usiku ukiwa na hasira, hiyo ataiweka yeye.

Na amri ikitoka haitoki bure. Korti inaweza kusema lipa fidia, au mbadilishane kipande cha ardhi, au weka fensi, au njia uitunze wewe. Hapa ndo nakosana na wateja wangu, wanataka njia ya gari kwenye shamba la mtu halafu wanashangaa kuambiwa walipe. Huyo anakatwa ukanda wa shamba, mihogo yake inang'olewa, vumbi linaingia ndani kwake kila boda ikipita. Ungekuwa wewe ungekubali?

Kuna jambo dogo lakini linawapotezea watu pesa. Kama mapu inaonyesha kabisa rodi ya aksesi, imechorwa, ila jirani amesogeza fensi akailima, hiyo si kesi ya kuomba njia. Njia unayo! Hayo ni maneno ya mpaka, na mpaka sheria inasema aanze Msajili wa Ardhi na saveya wake, korti haitasikiza kabla ya hapo. Na huyo aliyelima rodi ya umma hata akailima miaka mingi vipi haiwi yake.

Sasa ufuo. Nilijua mtauliza hilo, wavuvi wamekaa mstari wa mbele wote. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na maji mafu... samahani, mvuvi hapa ananisahihisha na ana haki, kati ya pale maji yanapojaa na pale yanapokupwa, ni ardhi ya umma. Hakuna hoteli wala nyumba ya mtu yenye ufuo wake. Lakini utaufikiaje? Ploti zimepangana kuanzia rodi mpaka baharini, kuta ndefu, askari na mbwa, na diko, pale mnapotia mashua, mlilorithi kwa babu liko nyuma ya ukuta. Mwenye ploti akikuambia ufuo ni wako nenda zako, wala hadanganyi, anajua tu huna mabawa.

Mzizi wa haya ni wa kale. Mwambao huu ulipimwa kwa sheria ya hati za ardhi ya 1908, mtu alitakiwa aje mbele ya afisa adai, aliyedai akakubaliwa alipata hati, na pale ambapo hakuna aliyedai pakahesabiwa ni pa Serikali ya Mwingereza. Wengi wa Mijikenda hawakuwa kwenye hizo hati. Na mvuvi anayepita kwenda diko, yeye hakuwa anadai shamba, anadai kupita tu, nani angemwandikia? Kwa hivyo hatua ya kwanza ni mapu. Nendeni mkaangalie kama njia ya baharini imechorwa pale, nyingine zimechorwa na zimezibwa tu, hizo ni za umma na ni vita rahisi. Ambazo hazikuchorwa rudini kwenye mlango wa pili na wa tatu, na hapo ushahidi wa kikundi cha wavuvi una uzito kuliko wa mtu mmoja, manake nyinyi hamkumwomba mtu ruhusa, mlikuwa mkipita na nyavu begani mchana kweupe kabla ukuta haujawekwa msingi.

Huyu dada anauliza habari ya geti. Mwenye shamba anaweza kuweka geti kwenye njia unayopita? Geti lenyewe si kosa, shamba bado ni lake, ana mbuzi, ana wezi wa nazi. Kosa ni kukufanya ushindwe kupita. Akiweka kufuli akakupa ufunguo, na geti linafunguka bila taabu, hapo sioni kesi. Akiweka kufuli ufunguo akakaa nao yeye na simu hashiki, hiyo ni kesi. Na wewe unayepita, njia ya kwako kwenda nyumbani si ya kumpitishia shemeji yako aliyenunua ploti ya tatu huko mbele, haki ni ya shamba lako, haikupanuka kwa sababu ukoo umepanuka.

Wale ambao hamna taito, mnangoja kupimiwa. Kwangu nyinyi mna bahati kuliko wote hapa, ingawa najua hamuoni hivyo. Kalamu bado haijakauka. Kamati na saveya wakipita kuweka mipaka, hapo ndo pa kusema njia, mtembee nayo kwa miguu wote, ichorwe. Rejista ikitangazwa imekamilika mna siku 60 za kupinga. Msiende kuangalia jina na ukubwa wa shamba peke yake, angalieni kama mnaweza kutoka. Nimeona mtu amepinga kwa sababu jina limeandikwa vibaya herufi moja, na njia haipo kwenye mchoro wala hakuiona.

Na wanaogawa urithi, kabla hamjaenda kortini na ile orodha ya nani apate nini, chukueni fimbo mchore chini, kila mtu aonyeshe atatokea wapi kwenda rodini na wapi atachota maji, na makaburi ya wazee mtayafikiaje. Makaburi yanasahaulika sana, halafu siku ya ziara mnakuta fensi ya umeme.

Mara nyingi wala hatufiki kortini. Wazee wakikaa mkakubaliana, Katiba yenyewe inahimiza hivyo, mkaandika, mkasajili, mambo yameisha, na kama kesi ilikuwa imeshafunguliwa makubaliano hayo yanaweza kuwekwa kama amri ya korti. Kinachoniudhi ni makubaliano ya kwenye daftari la shule, sahihi kumi na mbili na mhuri wa chifu, halafu linafungiwa kabatini. Samahani bwana chifu, mhuri wako nauheshimu, lakini mnunuzi akifanya sachi haji kufungua kabati la mzee, anafungua rejista.

Swali la mwisho, mama wa leso ya kijani. Anasema shemeji yake ndo alimpa njia, wanapatana, hana neno, yuko tayari hata leo, sasa waanzie wapi? Yuko hai, yuko tayari, na hamjagombana? Basi mama usiende nyumbani kwanza. Mpigie simu shemeji aje na nakala ya taito yake, na mkewe aje pia ajue kinachoandikwa. Saveya ni yule pale kando ya chifu, mwenye shati ya buluu, mshike kabla hajapanda boda.